Mkaazi kwa Ushahidi wa Nani? Historia ya sharti la ukaazi katika daftari la wapigakura wa Zanzibar

Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa kura 165,271, naye Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 163,706. Tofauti yao ilikuwa kura 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alimpita Maalim huyo huyo kwa kura 3,471. Nyuma zaidi, Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi Party kwa kura moja tu. Kura hiyo moja ikalifanya Baraza la Kutunga Sheria ligawanyike viti 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, na Juni hiyo watu 68 wakauawa katika ghasia. Palipo na mashindano ya karibu namna hii, hakuna chama kinachosubiri siku ya kupiga kura ndipo kianze kushindana. Ushindani huanza kituo cha kuandikisha, mbele ya meza yenye daftari, na swali linaloulizwa hapo ni moja: huyu ni wa hapa? Kwa zaidi ya nusu karne Wazanzibari wamebishana juu ya jibu la swali hilo kwa kutazama urefu wa muda, yaani mtu awe ameishi miaka mingapi au miezi mingapi ndipo ahesabiwe mwenyeji. Naona ubishi huo umewekwa mahali pasipo pake. Historia ya visiwa inaonyesha kwamba muda haukuwahi kuwa shida kubwa. Shida ni ushahidi: nani amepewa mamlaka ya kusema kwamba fulani ni mkaazi, anamjibu nani, na aliyekataliwa anakwenda wapi.

Kabla ya 1957 swali lenyewe halikuwepo, kwa kuwa hapakuwa na kura. Wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria waliteuliwa, na waliteuliwa kwa mafungu ya kijamii: Waarabu wao, Wahindi wao, Waafrika wao. Mtu aliingia katika siasa kupitia mlango wa jamii yake, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoshika funguo. Mwaka 1954 Jumuiya ya Waarabu ilisusia Baraza ikidai, pamoja na mengine, orodha moja ya wapigakura kwa watu wote bila kujali kabila. Lilikuwa dai la haki na lilikubaliwa. Mwaka 1956 Walter Coutts aliletwa kama kamishna kupendekeza namna ya kuchagua, na Julai 1957 uchaguzi wa kwanza ukafanyika kwa viti sita. Lakini milango mingi ilipofungwa na kubaki mmoja, kila mwenye wasiwasi alikwenda kusimama kwenye mlango huo. Sharti la kuwa raia wa Sultani, ambalo zamani lilikuwa jambo la makaratasi ya serikali, likageuka silaha ya uchaguzi.

Masharti ya 1957 yalikuwa mazito. Walioruhusiwa walikuwa wanaume peke yao, waliotimiza miaka 25, raia wa Sultani, na wenye kupita vipimo vya kisomo, umri au mali. Wanawake hawakuwemo kabisa. Waliobaki nje kimyakimya, hata hivyo, walikuwa maelfu ya watu kutoka bara: Wanyamwezi, Wazaramo, Wamakonde na wengine waliokuja kwa palizi na uchumaji wa karafuu, kwa kazi za bandarini na za mjini, na wengi wao wakakaa miaka mingi, wakaoa, wakazaa, wakalima kwenye mashamba ya watu kwa ruhusa ya wenye mashamba. Kwa jirani zao walikuwa watu wa hapa. Kwa sheria walikuwa wageni, isipokuwa wale waliozaliwa visiwani au waliopata uraia kwa njia rasmi. Zanzibar Nationalist Party (ZNP) iliona, na kwa mahesabu ya siasa haikukosea, kwamba mpaka kati ya makundi hayo mawili ndio utakaoamua nani atatawala.

Kesi iliyoliweka jambo hili wazi ilimhusu kiongozi wa Afro-Shirazi mwenyewe, Abeid Amani Karume. Alipogombea jimbo la Ng'ambo mwaka 1957, wapinzani wake walimwekea pingamizi wakidai kwamba si mzaliwa wa Zanzibar na kwa hiyo si raia wa Sultani. Jambo likafika mahakamani. Mahakama ikasikiliza na kuamua kwamba anastahili, akaingia katika uchaguzi, akamshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani wa ZNP kwa mbali. Wanahistoria wamelitumia tukio hili mara nyingi kueleza uchungu wa siasa za asili na kabila za miaka ile, nao wana haki. Mimi naliona pia kama funzo la utaratibu. Aliyedai kwamba Karume ni mgeni ndiye aliyepaswa kwenda mbele ya hakimu na kuleta hoja. Shauri lilisikilizwa hadharani, uamuzi ukatolewa na mtu asiyegombea kitu, na matokeo yakajulikana kabla ya kura. Sheria ilikuwa ya kibaguzi kwa njia nyingi, lakini katika hatua hii moja ilimpa mshukiwa nafasi ya kujibu. Mamia ya wapigakura wasio na jina kubwa hawakuipata nafasi hiyo baadaye, chini ya sheria ambazo kwa maandishi zilikuwa pana kuliko ile.

Upanuzi ulikuja haraka. Wanawake walipiga kura mwaka 1961, na Julai 1963 kila raia mtu mzima aliruhusiwa. Ubishi ukahamia kwenye mipaka ya majimbo, kwa kuwa Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na ZNP pamoja na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP). Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na baada ya hapo kwa miaka mingi hapakuwa na haja ya kugombania daftari kwa kuwa hapakuwa na mshindani. Chini ya chama kimoja, kuandikishwa kulikuwa ishara ya utii zaidi kuliko haki ya kuchagua. Ndiyo maana sheria ya uchaguzi ya 1984, iliyotungwa katika utulivu huo, haikujaribiwa hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Ilipojaribiwa, sharti la ukaazi lilikutwa limekaa ndani yake.

Kwa namna sharti hilo lilivyokuja kujulikana, mpigakura anatakiwa awe Mzanzibari, awe na miaka 18, na awe ameishi katika jimbo analojiandikisha kwa miezi 36 mfululizo. Bara hakuna kitu cha namna hii: Mtanzania mwenye miaka 18 hujiandikisha pale anapoishi, bila kuulizwa ameanza lini kulala hapo. Tofauti hii hushangaza watu wa Bara, lakini kwa Mzanzibari haishangazi sana. Visiwa vina majimbo 50 katika eneo dogo, na katika Mkoa wa Mjini Magharibi mtu akihama nyumba ya kupanga kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu anaweza kuwa amevuka jimbo. Watu mia mbili wakihamishwa kwa makusudi kutoka mtaa huu hadi ule wanaweza kugeuza matokeo ya kiti cha Baraza la Wawakilishi. Hofu ya mamluki, yaani wapigakura wa kupandikizwa, si uzushi wa chama kimoja. Vyama vyote viwili vikubwa vimeshutumiana kwa jambo hilo katika kila uchaguzi.

Sasa tazama ni nani aliyepewa kazi ya kuhesabu miezi hiyo. Si hakimu, wala karani mwenye kumbukumbu za nyumba na kodi. Ni sheha. Ofisi ya sheha ni kongwe kuliko usultani. Katika enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, masheha walikusanya kodi na kusimamia mambo ya vijiji vyao, na heshima ya jina hilo imebaki. Lakini sheha wa leo si sheha wa zamani. Sheria ya tawala za mikoa ya 1998 ilimfanya kuwa ofisa wa serikali katika shehia, ngazi ya chini ya utawala, anayeteuliwa na Mkuu wa Mkoa, ambaye naye ameteuliwa na Rais. Yeye ndiye anayetunza kumbukumbu za waliohamia na waliohama, yeye anaandika barua mtu akitaka cheti au kitambulisho, na yeye hukaa kwenye kituo cha kuandikisha kumtambulisha mkaazi na asiyekuwa mkaazi. Kwa maneno mengine, katika nchi ambayo mshindi amewahi kupatikana kwa kura elfu moja na nusu, shahidi mkuu wa nani apige kura huteuliwa kwa mnyororo unaoishia kwa mmoja wa wagombea au kwa mtu wa chama chake. Hata sheha akiwa malaika, mpangilio huu hauwezi kuaminiwa na upande wa pili. Na masheha, kama sisi sote, si malaika.

Tatizo hilo linazidi kwa sababu maisha ya watu wa visiwani hayajawahi kuwa ya kukaa pahala pamoja miezi 36 mfululizo. Wavuvi huenda dago, wakapiga kambi kwenye fukwe za mbali kwa majira mazima, kisha wakarudi. Msimu wa karafuu, watu wa kusini mwa Unguja kwa vizazi walikwenda mashambani kuchuma, wengine hadi Pemba, na msimu mzuri unaweza kuwa mrefu. Vijana wa Pemba huvuka kwenda Unguja mjini kutafuta kazi, na kutoka hapo hufika Kariakoo na Tanga kwa biashara. Mke huhama kwa mumewe. Akiachika hurudi kwao. Mpangaji wa mjini huhamishwa na mwenye nyumba. Katika hali zote hizi, kila anayewajua watu hao atakwambia kwao ni wapi. Lakini sheria inauliza kitu kingine, na jibu lake hutegemea jinsi sheha anavyotafsiri kutokuwepo. Sheha wa shehia ya zamani anasema amehama. Sheha wa shehia mpya anasema hajatimiza muda. Katikati ya kauli hizo mbili mwananchi aliyezaliwa Zanzibar, mtoto wa wazazi wa Zanzibar, anabaki bila jimbo. Sharti lililotungwa kumzuia mgeni limemshika mwenyeji, na limemshika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mgeni aliyeletwa kwa makusudi huja na waliomleta, wenye uwezo wa kumtafutia karatasi.

Uchaguzi wa 2000 ulipoharibika, kura zikarudiwa katika majimbo 16 na CUF, chama cha Maalim Seif, ikasusia. Maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yakaishia kwa vifo, hasa Pemba, na wakimbizi wakavuka hadi Shimoni nchini Kenya. Muafaka kati ya CUF na chama tawala cha CCM, uliotiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, ulitaka, miongoni mwa mambo mengine, Tume ya Uchaguzi iingize wajumbe wanaotokana na upinzani na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liundwe. Daftari likaundwa, likiwa na picha na alama za vidole, na lilipotumika mwaka 2005 lilikuwa na majina 507,225. Yalikuwa maendeleo ya kweli. Lakini mashine ya alama za vidole hujibu swali moja tu: je, mtu huyu amejiandikisha mara mbili? Haiwezi kusema amekaa Mtoni miezi mingapi. Kazi hiyo ilibaki pale pale ilipokuwa.

Mwaka huo huo wa 2005 ilitungwa sheria ya usajili wa Wazanzibari Wakaazi, na kitambulisho chake, ambacho watu wamekizoea kwa jina la ZanID, baadaye kikafanywa sharti la kuingia kwenye daftari. Kwa kinywa cha watetezi wake, kadi hii ingemaliza ugomvi: serikali ingethibitisha ukaazi mara moja, na Tume isihitaji tena kuuliza. Kilichotokea ni kwamba ugomvi ulisogezwa hatua moja nyuma, hadi kwenye meza ya kuombea kadi. Hapo muombaji alihitaji cheti cha kuzaliwa, na wazee wengi wa mashamba hawakuwa nacho. Alihitaji pia sheha akiri kumjua. Katikati ya 2009 uandikishaji ulipoanza kaskazini mwa Pemba, watu walikusanyika wakilalamika kwamba wamenyimwa vitambulisho, wengi wakasusia, na zoezi likasimama. CUF ilisema walionyimwa ni maelfu kwa maelfu. Serikali ilisema wenye haki wote watapewa. Mwaka 2010 daftari lilikuwa na majina 407,658, karibu laki moja pungufu kuliko miaka mitano nyuma, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka. Sababu za upungufu huo haziwezi kuwa moja, kwani daftari la mwanzo lilikuwa na majina ya kurudiwa na ya marehemu yaliyostahili kufutwa. Lakini hakuna hesabu ya majina ya kurudiwa peke yake inayoweza kutuliza roho ya mtu aliyesimama kwenye foleni ya Ole au Micheweni na kuambiwa arudi kwa sheha.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mzito kuliko yote. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume, mtoto wa yule Karume wa 1957, na Maalim Seif walikutana Ikulu na kuanza maridhiano. Sheria haikubadilika. Miezi ilibaki 36, kitambulisho kilibaki sharti, masheha walibaki wale wale. Lakini uandikishaji ukaendelea kwa utulivu, watu waliosusia wakajitokeza, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikapitishwa kwa asilimia 66, na uchaguzi wa Oktoba ukawa wa amani kuliko wote uliotangulia tangu vyama vingi, ingawa tofauti ya kura ilikuwa ndogo mno. Kilichobadilika ni maagizo yaliyoshuka kutoka juu na moyo wa walioyapokea. Kama sharti lile lile, kwa maneno yale yale, linaweza kufunga mlango mwezi wa Saba na kuufungua baada ya mwezi wa Kumi na Moja, basi nguvu yake haikuwa katika maneno. Na haki ambayo hutolewa wakubwa wakipatana, ikazuiwa wakigombana, haijawa haki bado. Yaliyofuata yalithibitisha hivyo: matokeo ya Oktoba 2015 yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 bila CUF, na ilipofika 2020 malalamiko ya vitambulisho na majina yaliyoondolewa yalikuwa yamerudi kama kwamba maridhiano hayakuwahi kuwepo.

Watetezi wa sharti hili wana hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa kwa uzito. Ya kwanza nimeishaigusa: visiwa ni vidogo na kura ni za karibu, kwa hiyo kinga dhidi ya wapigakura wa kukodi ni lazima. Nakubali. Sitaki sharti la ukaazi lifutwe, na sioni kwamba miezi 36 ni kosa kwa dhati yake, ingawa muda mfupi zaidi ungetosha. Lakini kinga hupimwa kwa wale inaowazuia. Sheria yenyewe imewasamehe watumishi wanaohamishwa kikazi, askari wa idara maalumu na wanafunzi, ikikiri kwamba kutokuwepo si lazima kuwe kuhama. Msamaha huo ni wa busara. Ila mvuvi wa dago na mchumaji wa karafuu hawakukumbukwa, na upinzani umelalamika kwa miaka mingi kwamba kambi za vikosi huandikisha watu ambao mtaa hauwajui. Kinga inayolegea kwa anayelipwa na serikali na kukaza kwa anayejilisha mwenyewe haimkingi mpigakura; inampanga.

Hoja ya pili ni ya Muungano. Zanzibar ina mamlaka yake, ina Rais na Baraza lake, na bila kipimo cha Uzanzibari na ukaazi, watu wa Bara, ambao ni wengi kwa makumi ya mara, wangeweza kuamua nani aongoze visiwa. Hoja hii ina ukweli mkubwa na mimi ninaiunga mkono. Lakini imeshapewa jibu lake: Mtanzania wa Bara anayeishi Zanzibar asiyetimiza masharti ya huku huandikwa katika orodha nyingine na kupiga kura ya Rais wa Muungano na Mbunge tu. Utaratibu huo unalinda mamlaka ya Zanzibar bila kumnyima mtu uraia wake. Kinachosikitisha ni kwamba Mzanzibari aliyehama Mkoani, Pemba, kwenda Magogoni, Unguja, hujikuta mahali pabaya zaidi, kwa kuwa hoja iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa Bara hutumiwa dhidi yake katika uchaguzi ambao hakuna anayekana kuwa ni wake. Kwa kura ya Rais wa Zanzibar, jimbo analoishi halina uzito wowote, maana visiwa vyote ni eneo moja la uchaguzi huo. Kumzuia asimchague Rais kwa sababu ya kuvuka jimbo ni adhabu isiyo na kosa.

Ya tatu husemwa mara kwa mara na watu wema: bila sheha, nani atajua? Sheha anakaa na watu, anawajua kwa majina ya baba na babu. Ni kweli anajua. Basi awe shahidi, na shahidi huulizwa maswali, hupingwa na shahidi mwingine, na neno lake huandikwa. Anachokuwa sasa kwa vitendo ni shahidi na hakimu kwa pamoja, na mara nyingi kukataa kwake hutoka kwa mdomo, kukamwacha mtu bila karatasi ya kupeleka kwa ofisa wa uandikishaji wala mahakamani. Mwaka 1957 mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mwenye pingamizi. Miaka iliyofuata ulihamishwa kimya kimya hadi mabegani mwa muombaji, na hakuna kikao cha Baraza kilichokaa kujadili uhamisho huo kama jambo la msingi. Urudishwe. Mwenye kitambulisho halali aandikwe. Anayesema si mkaazi, awe sheha, wakala wa chama au jirani, aandike sababu zake na kutia saini, na kukataliwa kokote kutolewe kwa maandishi siku ile ile kukiwa na jina la aliyekataa. Sheha anayejua kwamba karatasi yake itasomwa na hakimu atafikiri mara mbili kabla ya kumwambia mtu wa mtaa wake kwamba hamjui.